Kukarabati na Kubadilisha Rafadha ya Boti: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Chombo

Rafadha, ambayo wavuvi wengi wa pwani yetu huiita propela tu, hupata mapigo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashine ya boti, na bado ndiyo inayokaguliwa kwa nadra. Boti ikigusa fungu la mchanga maji yanapokupwa, au ikipita juu ya matumbawe yaliyofunikwa na maji machache, nahodha huinua mashine, huliona panga lililojikunja, hulinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na safari ikaendelea. Kwa siku hiyo huenda hana njia nyingine. Shida huanza pale nyoosho hilo la dharura linapoachwa kuwa matengenezo ya kudumu, kwa sababu tofauti ya milimita chache kati ya panga moja na jingine haionekani kwa macho, lakini shafti huisikia katika kila mzunguko, na mwenye chombo huilipia kwa petroli inayozidi, kwa sili zinazovuja na hatimaye kwa giaboksi.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipeleka rafadha kwenye karakana yenye vifaa vya kupimia, nini cha kudai huko, na wakati gani ni afadhali kununua nyingine. Umewalenga zaidi wenye mashine za nje za nguvu farasi 15 hadi 100, na sehemu moja imetengwa kwa rafadha za shaba za boti zenye injini ya ndani.

Anza na maandishi ya kwenye kitovu

Safisha kitovu, yaani sehemu ya katikati inayoingia kwenye shafti, kwa brashi ya waya na utafute namba zilizopigwa au kuchongwa juu yake. Kwenye mashine za Yamaha za 40, ambazo zimeenea sana kwa wavuvi, mara nyingi utakuta maandishi kama 11 1/8 x 13 – G. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani upana wa duara linalopitiwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao rafadha ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Herufi ya mwisho huonyesha aina ya kitovu, na ndiyo inayoamua rafadha hiyo itaingia kwenye shafti ya mashine zipi. Herufi hiyo hupuuzwa sana, na matokeo yake ni mtu kununua rafadha yenye kipenyo na pichi sahihi, kisha akafika ufukweni na kukuta meno ya shafti hayalingani. Ikiwa maandishi yamelika, chagua panga lililo zima kuliko yote, pima kutoka katikati ya kitovu hadi ncha yake na uzidishe kwa mbili ili upate kipenyo. Hesabu meno ya shafti. Na uandike modeli kamili ya mashine kama ilivyo kwenye kibati chake.

Yako mambo ambayo fundi hawezi kuyaona mezani pake, nayo ni juu yako kumpelekea: mizunguko ya juu kabisa ambayo mashine ilifikia ikiwa na mzigo wa kawaida, kasi ya boti kwa wakati huo kwa mujibu wa GPS, na tabia yoyote iliyobadilika, kama vile kutetemeka kwa mkono wa usukani au mashine kupiga kelele bila boti kusonga inapokata kona. Fundi asiyepewa habari hizi atairudisha rafadha jinsi ilivyotoka kiwandani, na huenda jinsi hiyo haikuifaa boti yako tangu mwanzo.

Ukiwa na namba hizo unaweza kukadiria mtelezo, yaani kasi inayopotea kwa sababu maji huteleza, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mashine inazunguka mara 5,000 kwa dakika na giaboksi inapunguza mizunguko kwa nusu. Rafadha basi inazunguka mara 2,500. Zidisha kwa pichi ya inchi 13 kisha ugawe kwa 1,215, utapata noti 26.7, ambayo ni kasi ya boti kama maji yasingeteleza. GPS ikionyesha noti 22, mtelezo ni kama asilimia 18, kiwango cha kawaida kwa boti nyepesi inayopanda juu ya maji. Boti nzito yenye barafu na nyavu huteleza zaidi ya hapo bila kuwa na kasoro. Kinachopaswa kukushtua ni mtelezo kuongezeka ghafla kwenye boti ileile yenye mzigo uleule.

Kuivua

Zima mashine, chomoa mkanda wa dharura, toa nyaya za plagi, kisha ingiza gia ili shafti isizunguke. Utaratibu huu usirukwe hata kama mashine imeshapoa, kwa kuwa kuizungusha rafadha kwa mkono ikiwa kwenye gia kunaweza kuiwasha mashine ndogo. Weka kipande cha mbao kati ya panga na bapa lililo juu ya rafadha, nyoosha miguu ya spliti pini na uitoe, kisha fungua nati. Vitu vinavyotoka hapo vipange juu ya kitambaa kwa mfuatano uleule vilivyotoka: nati, washa, kipande cha nafasi kama kipo, rafadha yenyewe, na mwisho washa nene ya mbele yenye umbo la koni. Washa hiyo ya mwisho ndiyo inayobeba msukumo wote wa boti, na ndiyo inayosahaulika kwa sababu hunata kwenye shafti kwa grisi, au hunata ndani ya kitovu ikaenda na rafadha karakana na kubaki huko. Rafadha ikifungwa bila hiyo, kitovu hukaa mbele mno na kuanza kuisaga nyumba ya giaboksi.

Ikigoma kutoka, usiigonge mapanga. Paka mafuta ya kupenyeza, subiri, kisha uipige polepole kitovuni kwa nyundo ya mpira huku ukiizungusha. Shafti iliyogoma kabisa ni bora kuipeleka karakana pamoja na mguu mzima wa mashine kuliko kuipasha moto ufukweni, kwa sababu sili ya mpira iko sentimita chache tu nyuma ya moto huo.

Sasa tazama pale ilipokuwa. Hatua hii haigharimu kitu, lakini thamani yake inazidi nusu ya kazi nyingine zote. Uzi wa mshipi au wa jarife ukijizungusha kwenye shafti hupenya taratibu nyuma ya washa ya mbele, ukajibana kama pete, na kwa msuguano ukaikata sili. Kwa nje huoni chochote zaidi ya ncha moja ya nailoni. Ukate wote kwa kisu butu bila kuikwaruza shafti, kisha fungua skrubu ya chini ya giaboksi na utoe matone machache ya oili. Oili ya kahawia au ya kijani inayong'aa ni nzima; ile iliyogeuka nyeupe kama maziwa ina maji ya bahari ndani yake, na kupeleka rafadha karakana huku ukiiacha sili hiyo ni kutibu mguu wakati moyo ndio unaoumwa. Toa gia, kisha zungusha shafti pia kwa mkono huku ukiitazama ncha yake: ikichezacheza juu na chini, imepinda, na hakuna rafadha iliyosawazishwa itakayouondoa mtetemo huo.

Kukarabati au kununua

Panga lililopinda ncha, ukingo uliomeguka vipande vidogo, na kona moja iliyokatika ni kazi za kawaida za karakana. Ufa unaoanzia shinani, pale panga linapoungana na kitovu, ni habari nyingine: hapo ndipo mzigo wote unapokusanyika, na katika kanuni za IACS, umoja wa mashirika yanayokagua meli, kulehemu upande unaosukuma maji kutoka shinani hadi asilimia 40 ya nusu kipenyo hakuruhusiwi kwa kawaida. Fundi anayekubali haraka kulehemu ufa wa namna hiyo kwenye alumini ananitia wasiwasi kuliko yule anayekataa. Vivyo hivyo rafadha iliyowahi kulehemiwa mara nyingi mahali palepale, au iliyosagwa hadi mapanga yamekuwa mafupi na membamba, imeshamaliza kazi yake. Kwa mashine ndogo za 15 ulinganishe pia gharama, kwa sababu mara nyingi ukarabati kamili wa rafadha ndogo ya alumini hukaribia bei ya mpya.

Wapo pia mafundi wa kusubu wanaoweza kumwaga nakala ya rafadha kwa mchanga, wakitumia ile ya zamani kama kielelezo. Ustadi wao siudharau, lakini alumini hupungua kwa zaidi ya asilimia 1 inapopoa, hivyo nakala hutoka ndogo kuliko mama yake kwa kipenyo na kwa pichi, na alumini chakavu iliyoyeyushwa huacha vitundu vya hewa ndani ambavyo jicho halivioni. Ifanye ya akiba ya kukurudisha nyumbani, si ya kukutoa nje ya mwamba kila alfajiri.

Kinachopaswa kufanyika karakana

Karakana ya kweli huanza kwa kusafisha na kukagua, si kwa nyundo. Rangi huondolewa, kisha rafadha hupakwa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa, ikafutwa, na juu yake hupulizwa unga mweupe. Baada ya dakika chache nyufa hujichora zenyewe kama nywele nyekundu. Baadaye hupimwa. Fundi huifunga kwenye kifaa chenye mhimili, akapima pichi ya kila panga kwenye mizingo kadhaa, kutoka karibu na kitovu hadi karibu na ncha. Karakana zenye mitambo ya kompyuta hutoa karatasi yenye namba hizo zote. Zenye vifaa vya mkono hutumia fuawe maalumu zilizochongwa kwa pichi fulani, ambazo panga hulazwa juu yake na mwanga ukaonyesha linapoachana nazo. Njia zote mbili ni sahihi. Isiyo sahihi ni ile ya kufumba jicho moja na kulinganisha mapanga kwa macho.

Omba uandikiwe vipimo vya kabla na vya baada. Kiwango cha kimataifa cha vipimo vya rafadha, ISO 484, sehemu ya pili, kiliandikwa kwa rafadha za kipenyo cha mita 0.80 hadi 2.50, lakini karakana nyingi huazima madaraja yake hata kwa rafadha ndogo. Kwa wastani wa pichi, daraja S huruhusu kosa la asilimia 0.5, daraja la I asilimia 0.75, la II asilimia 1, na la III asilimia 3. Kwenye pichi ya inchi 13, ambayo ni milimita 330, daraja la III linaruhusu kosa la karibu milimita 10, na la I milimita 2.5 tu. Kwa boti ya uvuvi daraja la II linatosha vizuri. Kwa boti ya abiria inayokimbia siku nzima ningelipia la I.

Kunyoosha kwenyewe hufanyika kwa joto. Alumini ina hila yake: tofauti na chuma, haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Ile safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi na michanganyiko ya rafadha mapema zaidi, kwa hiyo fundi asiye na alama ya kumwonyesha joto anaweza kuliona panga liko vilevile, na sekunde inayofuata likadondoka. Wenye uzoefu hulipaka masizi au sabuni na kutazama alama hiyo inapobadilika. Panga lililonyooshwa baridi kwa nyundo, kwa upande mwingine, hukubali kurudi lakini hubaki na nyufa ndogondogo. Palipomeguka hujazwa kwa kulehemu kwa gesi ya agoni na waya unaolingana na mchanganyiko wa rafadha, kisha husagwa hadi kwenye unene wa awali.

Mwambie fundi mapema kama ukingo wa nyuma wa mapanga yako una mkunjo mdogo unaoelekea upande unaosukuma maji. Mkunjo huo hutengenezwa makusudi kiwandani ili panga liyashike maji, na msaidizi asiyejua huudhania kuwa ni pigo la mwamba, akaulaza. Rafadha hutoka inapendeza, na ukiifunga mashine inapanda mizunguko mia kadhaa zaidi huku boti ikiwa nzito kupanda juu ya maji.

Mwisho ni kusawazisha uzito. Rafadha huwekwa kwenye mhimili unaozunguka kwa urahisi, panga zito hushuka chini lenyewe, na fundi hulipunguza kwa kusaga mgongo wake, si kingo zake, hadi rafadha itulie popote unapoiachia. Omba ufanyiwe jaribio hilo mbele yako. Halichukui dakika mbili.

Bushi ya kitovu

Ndani ya kitovu cha rafadha nyingi za mashine za nje kuna bushi ya mpira iliyoshindiliwa, ambayo kazi yake ni kuteleza rafadha inapogonga kitu ili meno ya gia yasivunjike. Ikichoka huteleza pasipo kugonga chochote: mwendo wa polepole boti inakwenda, ukiongeza mafuta mashine inalia na boti haiongezi kasi. Watu wengi hukimbilia kushuku giaboksi. Kabla ya kufungua giaboksi, chora mstari mmoja kwa kisu au rangi kutoka sehemu ya ndani ya kitovu hadi sehemu ya nje, toka na boti yenye mzigo, kisha rudi uutazame. Mstari ukiwa umeachana, tatizo ni bushi.

Karakana huitoa bushi kwa presi ya haidroli na kuingiza mpya kwa maji ya sabuni. Kuna wanaoichoma kwa moto ili kuokoa muda. Usikubali, kwa kuwa moto unaotosha kuunguza mpira huo hulegeza alumini ya kitovu. Kama rafadha yako ni ya aina yenye bushi ya plastiki inayobadilishwa kwa mkono, nunua mbili.

Rafadha za shaba kwenye injini ya ndani

Hizi hukaa kwenye shafti iliyochongwa kwa mshazari, hivyo huvuliwa kwa pula, kifaa cha kuivuta itoke, na kamwe si kwa kupiga nyundo mapanga. Legeza nati lakini usiitoe yote, kwa sababu rafadha inapoachia huruka kwa nguvu. Gonga panga kwa kipande cha mbao: shaba nzima hulia kama kengele, yenye ufa au iliyolika hutoa sauti butu. Kisha ikwaruze kidogo. Rangi ya waridi mahali pa manjano ina maana kwamba zinki ya mchanganyiko imeliwa na bahari na kilichobaki ni shaba nyororo yenye vitundu, ambayo hailehemiki ikashika. Hapo hakuna ukarabati, na swali linahamia kwenye vipande vya zinki vya kukinga chombo: viliisha lini, au nani alivipaka rangi? Kipande kilichopakwa rangi hakikingi kitu. Kwa vyombo vya Ziwa Victoria au Tanganyika zinki haifanyi kazi ipasavyo kwenye maji yasiyo na chumvi. Tumia vya magnesi au vya alumini.

Rafadha iliyokarabatiwa ikirudi, isugue kwenye shafti kwa dawa kidogo ya kusagia vali bila kii (kipande cha chuma kinachoifunga isizunguke juu ya shafti), uifute, na uangalie kama imegusana na shafti karibu kote. Kisha osha dawa yote.

Kuchagua mbadala

Ukinunua mpya, anzia kwenye mizunguko. Mashine nyingi za stroku mbili za ukubwa wa 15 hadi 40 hutakiwa kufikia kati ya 4,500 na 5,500 zikifunguliwa mafuta yote, na nyingi za stroku nne kati ya 5,000 na 6,000. Kitabu cha mashine yako ndicho cha mwisho. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kwa kama 150 hadi 200. Ikiwa mashine yako yenye mzigo inaishia 4,200 wakati inatakiwa kufika angalau 4,500, punguza inchi mbili. Kuiacha ilivyo, kwa kuwa inasikika tulivu, ni kuibebesha mashine mzigo inaoulipia kwa pistoni.

Kuhusu madini, stenlesi ni ngumu zaidi, mapanga yake ni membamba na hukata maji vizuri, na bei yake ni kubwa mno kuliko ya alumini. Kwa boti inayopita mafungu na matumbawe kila siku mimi ningebaki na alumini, kwa sababu alumini hujikunja yenyewe, na stenlesi hulipeleka pigo kwenye shafti na gia.

Kufunga na kuijaribu

Paka grisi isiyochukuliwa na maji kwenye meno yote ya shafti, rudisha washa ya koni kwanza, kisha rafadha na vilivyobaki kwa mfuatano wake. Kaza nati kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu; mtaro wa nati usipolingana na tundu, kaza kidogo zaidi hadi ulingane, usilegeze. Spliti pini iwe mpya na isiyoshika kutu. Baada ya saa ya kwanza ya safari kagua tena ukazaji wake.

Jaribu ukiwa na mzigo uleule wa kazi, bahari ikiwa shwari, na uandike mizunguko na kasi kwa kwenda na kurudi ili mkondo usikudanganye. Linganisha na namba ulizompelekea fundi. Mtetemo ukibaki palepale na karatasi ya vipimo ni safi, rudi kwenye shafti; mtetemo ukiwa mpya, rudi na rafadha karakana kabla ya kuitumia zaidi.

Ile ya zamani, kama bado ina mapanga yote, isawazishe na uiweke chomboni pamoja na nati ya ziada, washa ya koni, spliti pini mbili, kipande cha mbao na spana inayoingia kwenye nati hiyo, vyote ndani ya ndoo moja yenye mfuniko iliyofungwa kwa kamba upande wa tezi.